Hadithi za Kikristo za watoto: zilizotoka hapa zikasomwa kwanza ng'ambo

Vitabu vya hadithi na vya picha vya watoto wa Kikristo nchini Tanzania vina historia ya kinyumenyume. Visa vingi vilitokea hapa, vikaandikwa hapa au vikasimuliwa na watu wa hapa, lakini watoto wa kwanza kuvisoma walikuwa Uingereza na Australia. Buswelu, makao makuu ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, mtoto anayehudhuria darasa la Jumapili la AICT (Africa Inland Church Tanzania) au kundi la Utoto Mtakatifu la Kanisa Katoliki hulipokea Neno kwa nyimbo, kwa ngonjera na kwa masimulizi ya mwalimu. Kitabu cha hadithi cha kwenda nacho nyumbani ni kitu cha nadra, na sababu zake ni za zamani.

Mtambo wa kupiga chapa haukuchelewa kufika Ziwa Victoria. Alexander Mackay, fundi kutoka Uskoti aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, aliingia Buganda mwaka 1878 akiwa na tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere wa Zanzibar, na kwa lugha hiyo akaanza kusoma Injili katika baraza la Kabaka Mutesa. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri na kuchapa kwa Kiganda. Mvumbuzi Stanley alimkuta huko mwaka 1889. Februari 1890 Mackay alifariki kwa homa. Alichochapa kilikuwa karatasi za kujifunzia kusoma na sehemu za Maandiko, wala hakuna aliyemtarajia achape hadithi. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama White Fathers, nao walikuwa wameanzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883 baada ya kuondoka Buganda kwa muda, na kwao kitabu cha mtoto kilikuwa katekisimu.

Muda mfupi baada ya kifo cha Mackay, dada yake alitoa London kitabu cha maisha ya kaka yake kilichoandikwa mahsusi kwa wavulana. Kina mitumbwi, dhoruba, wafalme, homa na mashahidi wa imani, yaani kila kinachomfanya kijana wa miaka 12 asahau chakula. Hivyo vijana wa Kiingereza waliijua pwani ya Ziwa Victoria kama uwanja wa hadithi za kusisimua wakati vijana wa pwani hiyo hiyo walikuwa bado wanakariri silabi.

Zanzibar mambo yalikuwa yameshatangulia kwa mtindo huo huo. Katika shule ya Kiungani ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, wavulana waliokombolewa utumwani waliandika kwa Kiswahili namna walivyotekwa, walivyouzwa na walivyofika pwani. A. C. Madan alizikusanya simulizi hizo, akazitafsiri na kuzitoa London mwaka 1887. Pengine ndizo simulizi za kwanza za Kikristo zilizotungwa na watoto wa Afrika Mashariki wenyewe, na kitabu kikawa cha Kiingereza. Haki inataka isemwe pia kwamba Kiungani ndiko lilikoanzia gazeti la Msimulizi, mwaka 1888, ambalo liliandikwa kwa Kiswahili na kusomwa na wanafunzi na walimu wa misheni.

Kanda ya ziwa lugha iliongeza kikwazo. Misheni ya Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ilitoka mikononi mwa CMS na kuingia kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na Emil Sywulka na wenzake wakajifunga kutafsiri Kisukuma. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Kazi ya miaka hamsini kwa kitabu kimoja haikuacha nguvu ya kutunga hadithi za watoto. Mtoto wa Kisukuma alikuwa na ngano zake za jioni, lakini kanisani alikutana na Biblia na kitabu cha nyimbo tu.

Hadithi za Kikristo za Kiswahili zenye mwandishi Mwafrika zilianza kupata sura kupitia shirika la Kianglikana la SPCK la London na tawi lake la Sheldon Press. Samweli Sehoza wa UMCA alitoa Mwaka katika Minyororo mwaka 1921, akisimulia kifungo chake mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1934 James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, kisa cha waliotekwa bara, wakaokolewa baharini na kuishia Freretown, Mombasa. Hakikuwa kitabu cha watoto kwa nia, ila shule zilikichukua kikawa cha kusoma darasani, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vilikipitia. Kando yake ilikuwepo Safari ya Msafiri, yaani kitabu cha John Bunyan cha mwaka 1678, ambacho wamisionari walikisambaza Afrika karibu kila walipotafsiri Biblia. Kwa kijana asiye na riwaya nyingine, safari ya mtu mwenye mzigo mgongoni ilitosha kuwa riwaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Dodoma. Daktari Paul White wa Australia alifanya kazi katika hospitali ya CMS ya Mvumi, Ugogo, kuanzia 1938 hadi 1941, alipolazimika kurudi kwao kwa sababu ya ugonjwa wa mkewe. Mwaka 1942 alianza kutoa mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor, akaupeleka pia redioni. Katika vitabu hivyo Daudi, msaidizi wa Kigogo hospitalini, husimulia ngano jioni karibu na moto, kisha huifungua maana yake. Mwaka 1955 ngano hizo zilipewa kitabu chake, na katika miaka ya 1970 mchoraji Graham Wade akazigeuza vitabu vya picha, wanyama wakiwa na majina kama Toto na Twiga hata katika toleo la Kiingereza.

Ngano mojawapo inaonyesha ufundi wake. Mtoto anaokota kitoto cha chui porini. Wakubwa wanamwonya, lakini yeye anakilisha uji, na chui anakua mpole mithili ya paka. Siku moja mnyama analamba damu kwenye kidonda, na hapo tabia yake ya asili inaamka. Mwisho wake ni kifo. Msomaji anaambiwa kwamba dhambi ndogo hailelewi. Somo ni la Kiinjili, lakini umbo ni la ngano za bara: onyo la mzee, ukaidi wa mtoto, msiba. White alikaa Mvumi miaka michache mno, lakini sikio lake lilikuwa makini, na hilo lastahili sifa. La kuhesabiwa upande wa pili ni kwamba Wagogo waliomsimulia walibaki wahusika, na jina la jaladani likawa lake peke yake.

Viwanda vya makanisa vya humu nchini vilijaribu kuliziba pengo. Central Tanganyika Press ilianzishwa Dodoma mwaka 1954 chini ya Waanglikana. Wakatoliki walikuwa na TMP huko Kipalapala, Tabora, pamoja na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, na Waadventista wana kiwanda Morogoro na wainjilisti wa vitabu wanaopita nyumba kwa nyumba. Mwanza kulikuwa na Inland Publishers, iliyojulikana kwa vitabu vya dini na vya maarifa. Hadithi haikuwa shughuli yake.

Wasomaji, kwa upande wao, waliongezeka haraka. Kati ya 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya ziwa, na gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho likafuata. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, kila kijiji kilikuwa na watoto wanaojua kusoma Kiswahili, na rafu za makanisa hazikuwa na cha kuwapa.

Kilichojaza nafasi hiyo ni vitabu vya picha kutoka nje, na sababu ni uchapaji. Picha za rangi huhitaji bamba nne, na gharama kubwa huwa ya kuandaa mashine kuliko ya karatasi. Mchapishaji wa Ulaya huchapa picha za kitabu kimoja kwa lugha kumi au ishirini kwa mpigo mmoja, kisha hubadilisha bamba la wino mweusi tu, lenye maneno. Kwa njia hiyo toleo la Kiswahili la nakala elfu chache huwezekana. Lakini picha zimeshawekwa: Yesu ana nywele za kahawia, mashamba ni ya ngano, na mtafsiri hulazimika kuibana sentensi ya Kiswahili katika kijisanduku kilichopimwa kwa Kiingereza au Kijerumani. Ndiyo maana baadhi ya vitabu hivyo husomeka kama telegramu.

Hata hivyo vilienea. Kitabu Changu cha Hadithi za Biblia cha Mashahidi wa Yehova, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1978 kikiwa na hadithi 116, kiliingia hata katika nyumba zisizokubaliana na mafundisho yao, kwa sababu picha zilikuwa kubwa na kitabu kilipatikana mlangoni. Mwaka uliofuata, Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, shirika la Kikatoliki la Aid to the Church in Need lilianzisha Biblia yake ya watoto, ambayo maandishi yake ni ya Eleonore Beck. Makanisa ya Kilutheri nayo yalipata vitabu vya watoto na vijana kupitia maduka ya Soma Biblia.

Malighafi ya hadithi za hapa haikupotea. Bujora, Kisesa, si mbali na Buswelu, Padre David Clement alijenga kituo cha utamaduni wa Wasukuma ambamo ngoma, alama na viti vya kitemi viliingia hadi kanisani. Mapadre wa Maryknoll, Donald Sybertz na Joseph Healey, walifanya kazi na kamati za utafiti za Usukuma kukusanya methali na visa vya kufundishia Injili, na Benedictine Publications ikatoa Kueneza Injili kwa Methali mwaka 1984. Walengwa walikuwa makatekista na wahubiri. Visa vinavyomfaa mtoto vimo humo kwa wingi, vikiwa katika maandishi yaliyosongamana, bila picha.

Tangu 1991 sera ya vitabu ilipofungua milango kwa wachapishaji binafsi, vitabu vya watoto vya Kiswahili vimeongezeka, vingi vikiwa vya shule. Vya dini vimeachiwa makanisa, ambayo bajeti zake huanza na majengo. Simu imekuja na njia nyingine: Biblia za watoto zenye katuni hupakuliwa bure, na mwalimu wa Jumapili huweza kuonyesha kisa kwa watoto waliomzunguka. Wachoraji wa Biblia hizo, kama wale wa vitabu vya bamba nne, wako mbali na ziwa.