Ajali ya Ndege Bukoba na Funzo Lake Kwetu

Jumapili, tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliondoka Dar es Salaam kwenda Bukoba. Ilichukua watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili.

Kiwanja cha Bukoba kipo ukingoni kabisa mwa Ziwa Viktoria, na asubuhi hiyo kulikuwa na mvua na upepo mkali. Kanuni ya urubani ni kwamba rubani akishuka hadi kimo kilichowekwa bila kuiona njia ya kutua, hana budi kupaa tena, ajaribu upya au aende kiwanja kingine. Ndege hiyo haikuifikia njia. Kabla ya saa tatu asubuhi ilitumbukia ziwani, yapata mita 500 kutoka kiwanjani. Mkia tu ukabaki juu ya maji.

Waliotangulia kufika ni wavuvi. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, pamoja na wenzake waliufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia, abiria wakaanza kutoka. Kisha alikwenda upande wa marubani kujaribu kuwaokoa. Huko aliumia, akazirai, akazindukia hospitalini. Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza wananchi kuaga miili katika uwanja wa Kaitaba. Naye kijana yule, kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan, alipelekwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ndugu wasomaji, jambo hili si la Bukoba peke yake. Tarehe 3 Desemba, 2023, tope kutoka Mlima Hanang lilipoifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80, majirani ndio walioanza kuwatoa wenzao. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini ushujaa una kikomo. Kasia liliufungua mlango wa nyuma. Kuwafikia waliozama mbele kulihitaji wapiga mbizi, vifaa na mazoezi. Basi wanafunzi mlioko shuleni jifunzeni huduma ya kwanza na kuogelea, maana hata kwetu yapo maziwa ya Tlawi na Basotu. Nasi tuliokwisha kumaliza tuhakikishe kuwa kamba na vifaa vya uokoaji vipo karibu kabla ya siku ya maafa.