Midomo ya Mithun, Sauti ya Nani?

Vijana wenzangu, hebu tujiulize. Sinema ya Disco Dancer ya mwaka 1982, ile ya Mithun Chakraborty, nani asiyeijua? Kwenye mabanda ya video, kuanzia Shinyanga mjini na Kahama hadi machimbo ya dhahabu ya Geita, Mithun alikuwa kama ndugu wa nyumbani. Lakini wimbo ule anaojitambulisha kuwa mcheza disko aliuimba nani? Hapo kijiwe kizima kinanyamaza. Aliuimba Vijay Benedict. Na ule wa kumwita Jimmy, walioimba hata watoto wasiojua neno moja la Kihindi, sauti ni ya Parvati Khan, mzaliwa wa Trinidad. Mithun na mwenzake Kim walichezesha midomo tu.

Mambo hayakuanza hivyo. Sinema ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay mwaka 1931 ikiwa na nyimbo saba, na waigizaji waliimba wenyewe. Kuanzia mwaka 1935 ikaingia mbinu mpya: mwimbaji anarekodi studio kwanza, halafu mwigizaji anafuatisha kwa midomo mbele ya kamera. Toka hapo uso ukawa wa huyu, sauti ya yule.

Na sifa ikaenda kwa nani? Kwa uso, bila shaka! Sinema ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake mkubwa iliandikwa jina la Kamini kama mwimbaji. Kamini ni mhusika wa hadithi tu. Aliyeimba ni Lata Mangeshkar, msichana wa miaka ishirini tu. Wasikilizaji wa redio wakaulizia mno mwenye sauti ile, mpaka jina lake likatangazwa. Alipofariki mwaka 2022, India nzima iliomboleza.

Kwetu sauti hizo zilikuja kwa njia ndefu. Reli ilifika Mwanza kupitia Shinyanga mwaka 1928, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wamejaa katika maduka na biashara ya pamba. Baadaye zikaja kanda za video. Kumbuka, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa mchimbaji aliyeshinda shimoni, jenereta, benchi na sinema ya saa tatu ndiyo ilikuwa starehe yenyewe. Maneno hakuyaelewa, ila wimbo ulipoanza alijua kama ni wa mapenzi au wa msiba.

Ajabu ni kwamba sisi wa Usukumani ndio tungepaswa kuuliza mwenye sauti ni nani. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Pale manju hafichwi. Watu hutembea mwendo mrefu kumfuata yeye, kwa jina lake.

Mombasa nako kuna la kujifunza. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayatia Kiswahili kwenye taarabu. Wapo waliombeza kuwa ni mwigaji. Lakini baadhi ya mashairi aliyoimba yalitungwa na Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita mwenyewe! Mahadhi ya kuazima, maneno ya kwetu. Mimi sioni aibu hapo. Aibu ni kuazima kitu halafu ukamsahau mwenyewe.

Na tumeshawasahau wengi. Kwenye mabanda yetu walikuwepo wafasiri walioikalia sinema wakaisimulia kwa Kiswahili, wakimpa shujaa matani ya mtaani. Wachache kama Lufufu wa Dar es Salaam walijulikana nchi nzima. Wale wa machimboni walipata nauli na chakula, basi. Wengine wangali hai, wana mvi, wanauza maji au vocha.

Wewe unayeota kuandika riwaya, usingoje mada ishuke kutoka mbinguni. Chukua daftari, mtafute mmoja wao, na kabla hujamwuliza hadithi yoyote, andika kwanza jina lake.