Miaka Thelathini ya Gesi ya Songo Songo

Katika mwaka wa 1974, kampuni ya Kitaliani ya AGIP, iliyokuwa ikitafuta mafuta katika pwani ya Kilwa, ilichimba kisima katika kisiwa cha Songo Songo, na badala ya mafuta ikakuta gesi. Kampuni ile haikuona faida katika ugunduzi huo, ikaondoka. Na gesi, ambayo leo tunaihesabu kuwa neema kubwa, ikabaki chini ya ardhi kwa muda wa miaka 30.

Sababu yake yafaa kuelezwa kwa utulivu. Mafuta hupakiwa melini yakauzwa popote penye mnunuzi, ilhali gesi ni vigumu kuihamisha pahali pake ila kwa bomba litokalo kisimani hadi kwa mteja; na mwenye mtaji hakubali kulaza bomba la gharama kubwa kabla ya kumjua mteja, wala mteja hajengi kiwanda kabla ya kuiona gesi. Shirika la Maendeleo ya Petroli la Taifa, TPDC, lililoasisiwa mwaka wa 1969, liliendelea kuchimba visima vingine, na likataraji kiwanda cha mbolea kijengwe Kilwa Masoko. Lakini kiwanda hicho hakikujengwa. Hata gesi ya Mnazi Bay, kule Mtwara, iliyogunduliwa mwaka wa 1982, nayo iliachwa vivyo hivyo.

Kilicholeta mabadiliko ni ukame. Taifa lilitegemea umeme wa maji, na mabwawa yalipopungua katika miaka ya 1990, mgao wa umeme ukawadhili wenye viwanda na wenye nyumba pia. Hapo ikadhihirika kwamba mitambo ya umeme ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, jijini Dar es Salaam, vilivyokuwa vikila mafuta ya kuagizwa ng'ambo, ndio wateja waliokuwa wakitafutwa siku zote. Benki ya Dunia ikakopesha fedha, kampuni ya Songas ikasimamia, na mwaka wa 2004 gesi ikafika Dar es Salaam. Huko kisiwani hukaushwa kwanza maji yake na kutengwa vimiminika vyake, kisha hupita chini ya bahari kiasi cha kilomita 25 hadi Somanga Funga, na kutoka hapo husafiri nchi kavu zaidi ya kilomita 200, ikiuvuka Mto Rufiji, hadi Ubungo. Na kwa viwanda hupelekwa kwa mabomba madogo, baada ya kupunguzwa nguvu ya msukumo wake katika vituo maalumu, maana gesi ya bomba kuu ingepasua vyombo vya mteja.

Bomba la pili lilikuja na huzuni. Ilipotangazwa kwamba gesi ya Mtwara itapelekwa Dar es Salaam, wananchi wa huko walipinga, na katika machafuko ya mwaka 2013 watu walipoteza maisha. Nami nasema kwa dhati kwamba swali lao lilikuwa la haki: mwenye kisima atapata nini, bomba likishapita mlangoni pake? Insafu ilidai wajibiwe kabla ya mtaro kuchimbwa. Bomba hilo, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, likaanzia katika mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, huko Mtwara, na kukamilika mwaka wa 2015.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya gesi hii huteketea katika mitambo ya umeme, kisha viwandani, na kilicho kidogo mno ndicho kifikacho majikoni, ambako mama zetu wangali wakipuliza mkaa. Kuifikisha huko kwataka mtaro katika kila mtaa, na katika kila nyumba valvu na mita, tena gesi itiwe harufu kwa hadhari ya uvujaji, kwa kuwa yenyewe haina harufu. Na katika mitaa iliyosongamana, iliyojengwa bila ramani, ni taabu kupata hata nafasi ya kupitisha huo mtaro.