Picha za Mashindano ya Motokaa na Barabara za Magharibi

Picha ya mashindano ya motokaa aghalabu husomwa nusu. Mtazamaji hutafuta jina la dereva, nambari na aina ya gari, kisha hugeuza ukurasa. Lakini nyuma ya gari ndiko kwenye historia pana zaidi: tope, kivuko, watoto waliosimama kando ya njia, na watu wanaosukuma gari ambao mara nyingi majina yao hayakuandikwa.

Mfano mkubwa katika Afrika ya Mashariki ni Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukali wa njia ndio uliokuwa sifa yake. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yakaondoka zaidi ya 90, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na 1967. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix mjini humo mwaka 1963, alizipiga picha Safari hizo tangu angali mwanafunzi. Hata baada ya kufa kwake mwaka 1996, hazina yake ya picha ingali inatunzwa.

Je, Ngara na Biharamulo zina nafasi gani katika habari hizi? Masimulizi ya Safari huzunguka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Upande wa magharibi wa ziwa, uliokuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi kabla ya kuitwa Kagera, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo nako kuna vilima, udongo mwekundu na mvua za masika, na gari lililokwama huko lilihitaji mikono ileile ya wanavijiji.

Picha za Ngara zilizoenea duniani ni za mwaka 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Kambi yao kubwa iliitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Hivyo jina la wajenzi wa njia likawa jina la maafa.

Mahali panapojulikana kwa picha za msiba mmoja hupokonywa miaka yake mingine. Dawa yake wapenzi wa mashindano wanaijua: huonyeshana picha adimu, mmoja akatambua gari, wa pili mlima, wa tatu mwaka. Njia hiyo yafaa pia kwa picha za malori, mabasi, mafundi na madaraja ya Ngara na Biharamulo. Mwenye picha aandike nyuma yake mahali, mwaka, jina la mpiga picha, na majina ya wote wanaoonekana, si ya dereva peke yake. Kisha awaonyeshe wazee. Kazi hii haingojei, kwa maana picha yaweza kudumu sandukuni miaka mia, bali awezaye kumtaja aliyelisukuma gari hana umri huo.