Kuchagua doki ya diski kwa kompyuta ya Linux
Doki ni kifaa cha kuchomekea diski nje ya kompyuta kwa waya wa USB. Linux huitambua bila programu ya ziada, lakini kabla hujatoa pesa angalia mambo matatu.

Kwanza umeme: diski ya inchi 3.5 huhitaji volti 12, na USB ya kawaida hutoa 5, basi doki iwe na adapta yake. Pili ukubwa: baadhi ya doki za zamani hukomea terabaiti 2. Tatu chipu: ichomeke, andika lsusb uone jina lake, baadhi hukwama katika njia ya kasi iitwayo UAS.

Ijaribu kwanza kwa diski tupu. Picha za marehemu haziuzwi dukani.