Drafti na tetesi za AFL: Soko la wachezaji lisilolipana pesa

Msikilizaji wa soka amezoea dirisha la usajili. Klabu tajiri inamtaka mshambuliaji, inalipa ada, mchezaji anamwaga wino, anapigwa picha na jezi mpya, mambo yameisha. Huko Australia kuna ligi kubwa ya mpira ambako mambo hayaendi hivyo. Klabu hailipi ada ili kumchukua mchezaji wa klabu nyingine. Inatoa mchezaji wake, au inatoa zamu yake kwenye foleni ya kuchagua vijana wapya.

Ndiyo maana tetesi za usajili za huko zimejaa namba. Utasikia klabu fulani iko tayari kutoa "namba 3 na namba 20" ili kumpata mtu. Makala haya yanaeleza namba hizo ni nini, zinatoka wapi, na kwa nini nyuma ya kila namba kuna kijana anayengoja kuambiwa atahamia mji gani.

Mpira wenyewe ni upi?

Si soka tunayoijua, wala si raga. Mpira wake una umbo la yai, na uwanja nao umechongoka hivyo hivyo. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Wanaruhusiwa kuupiga mpira kwa mguu, kuudaka, na kuupiga ngumi kumpa mwenzao. Kila mwisho wa uwanja una nguzo 4. Ukiupitisha mpira kwa mguu katikati ya zile 2 ndefu, unapata pointi 6. Ukipita pembeni yake, unapata pointi 1.

Ligi yake kuu inaitwa AFL. Ilianza mwaka 1897 kama ligi ya jimbo la Victoria, ikachukua jina la sasa mwaka 1990 baada ya kupokea klabu za majimbo mengine. Leo ina klabu 18, na 10 kati yake bado ziko Victoria, hasa jijini Melbourne. Msimu huanza Machi na fainali kuu huchezwa Septemba. Oktoba ni mwezi wa kubadilishana wachezaji, na Novemba ni drafti.

Drafti ni nini?

Jina lisikuchanganye na ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa barazani. Drafti hii ni siku ambayo klabu zote huchagua vijana wapya kwa zamu, jina moja baada ya jingine.

Kanuni yake ya msingi ni rahisi: aliyeburura mkia kwenye msimamo wa ligi huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho. Wakimaliza mzunguko wa kwanza, wanaanza wa pili, na kuendelea. Zamu hiyo ndiyo inayoitwa chaguo. Klabu iliyo mbele kabisa ina chaguo namba 1.

Drafti ya kwanza ilifanyika mwaka 1986. Kabla ya hapo klabu zilikuwa na maeneo yao ya kuchukulia vijana, na zenye uwezo zilizoa wachezaji wazuri kutoka kwingineko. Ligi ikatafuta namna ya kuinua walio chini. Pamoja na drafti kukawekwa kikomo cha mishahara, yaani jumla ya pesa ambayo klabu inaweza kuwalipa wachezaji wake wote kwa mwaka. Hata tajiri hawezi kuwarundika nyota wote kwenye timu moja.

Anayeingia drafti ya kitaifa lazima awe ametimiza, au atatimiza, miaka 18 kufikia Desemba 31 ya mwaka huo. Na hapa ndipo penye uzito: kijana hachagui klabu, klabu ndiyo inayomchagua. Mtoto wa Perth anaweza kupelekwa Melbourne, takribani kilomita 2,700 kwa ndege, mwezi huo huo anapomaliza shule.

Vijana 3 wa mwaka 2001

Ukitaka kuelewa soko hili, angalia drafti ya 2001. Majina 3 ya kwanza siku hiyo yalikuwa Luke Hodge, Luke Ball na Chris Judd. Kila mmoja anatufundisha jambo lake.

Tuanze na Hodge. Mwaka huo Fremantle ilimaliza ya mwisho, hivyo chaguo namba 1 lilikuwa lake. Lakini Fremantle haikutaka kungoja kijana akue. Ikalitoa chaguo hilo kwa Hawthorn, pamoja na namba 20 na namba 36, ikapewa wachezaji 2 waliokwisha kuingia ligini: Trent Croad na Luke McPharlin. Hawthorn ikamchukua Hodge kwa namba 1. Kwa namba 36 ikamchukua kijana aitwaye Sam Mitchell, baada ya majina 35 mengine kutajwa.

Mitchell alikuwa nahodha Hawthorn ilipotwaa ubingwa mwaka 2008. Hodge alikuwa nahodha ilipoutwaa mara 3 mfululizo, 2013, 2014 na 2015. McPharlin aliitumikia Fremantle kwa muda mrefu na vizuri. Croad alikaa huko misimu 2, akarudi Hawthorn, na akawemo kwenye kikosi cha ubingwa wa 2008. Fremantle ilitaka nguvu ya haraka, Hawthorn ikakubali kusubiri, na aliyesubiri ndiye aliyevuna zaidi.

Wa pili ni Ball, aliyechaguliwa na St Kilda. Mwaka 2009 mkataba wake ulikwisha, akataka kwenda Collingwood. Klabu hizo 2 zikashindwa kuelewana kuhusu malipo. Ball akafanya jambo linaloogopwa na kila klabu: akajiandikisha upya kwenye drafti kama kijana mgeni. Collingwood ikamchukua kwa chaguo namba 30, na St Kilda haikupata kitu. Mwaka uliofuata timu hizo zilikutana kwenye fainali kuu. Zikatoka sare, mechi ikarudiwa, na Collingwood ikashinda, Ball akiwa uwanjani. Basi klabu inayovutana sana kuhusu bei inaweza kubaki mikono mitupu.

Wa tatu ni Judd, kijana wa Melbourne aliyepelekwa West Coast, huko Perth. Mwaka 2004 alitwaa medali ya Brownlow, tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2006, akiwa nahodha, timu yake ikawa bingwa. Mwishoni mwa 2007 akaomba kurudi nyumbani. Carlton ya Melbourne ikampata Judd na chaguo moja la chini, nayo ikatoa namba 3, namba 20 na mshambuliaji chipukizi Josh Kennedy. Kennedy mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Australia Magharibi, kwa hiyo naye alikuwa anarudi kwao. Alikuja kuwa mfungaji bora katika historia ya West Coast, na alicheza walipochukua ubingwa wa 2018.

Nyumbani kuna mvuto wake, na klabu zote zinaujua. Mwaka 2021 North Melbourne ilimchagua Jason Horne-Francis kwa namba 1. Baada ya msimu mmoja tu alirudi Adelaide kuchezea Port Adelaide, kwa makubaliano yaliyohusisha klabu 4 kwa pamoja.

Wanaopita mlango mwingine

Si kila kijana husimama kwenye foleni hiyo hiyo. Kuna kanuni ya baba na mwana. Baba akiwa amechezea klabu mechi 100 au zaidi, klabu hiyo ina haki ya kwanza kwa mwanawe. Klabu nyingine ikimtaja kijana huyo, klabu ya baba yake inaweza kumchukua, ila lazima ilipe.

Malipo yake ni pointi. Kila chaguo lina thamani yake. Mfumo huu ulipoanza mwaka 2015, namba 1 ilipewa pointi 3,000 na thamani ikashuka kadiri namba inavyoenda chini. Klabu huweza kukusanya machaguo madogo madogo hadi yafikie bei ya kijana. Collingwood ilifanya hivyo mwaka 2021. Gold Coast ilimtaja Nick Daicos kwa namba 4. Collingwood, klabu ya baba yake Peter, ikalipa na kumchukua. Miaka 2 baadaye Nick alikuwa bingwa.

Mlango mwingine ni akademi za klabu. Tangu 2016 klabu zimekuwa na akademi za vijana wa asili ya Australia na vijana wa familia za wahamiaji, zikiwemo zilizotoka Afrika na Asia. Klabu inayomlea kijana inatarajia kumpata, lakini kanuni hubadilika. Mwaka 2021 Mac Andrew, mwenye asili ya Sudan Kusini, alikuwa amelelewa kwenye akademi ya Melbourne. Gold Coast ikamchagua kwa namba 5. Kwa kanuni ya mwaka huo, klabu iliyomlea haikuruhusiwa kumdai kijana aliyechaguliwa ndani ya 20 za kwanza, hivyo Melbourne ikamkosa.

Mtoto wa Kakuma

Kama unatusikiliza ukiwa Turkana, jina hili ni lako. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Familia yake ilihamia Australia akiwa mtoto, na huko ndiko alikojifunza mpira huu.

Mwaka 2013 Sydney ilimchagua kwa namba 44. Mwaka 2020 ilimwachia aende Port Adelaide, nayo ikapewa chaguo la mzunguko wa pili la mwaka uliofuata. Machaguo ya mwaka ujao ni kama kuuza mahindi yakiwa bado shambani: hujui utavuna debe ngapi, kwa sababu hujui mwenzako atamaliza nafasi ya ngapi. Msimu wa 2021, wa kwanza katika klabu mpya, Aliir akaingia kwenye kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima.

Tetesi hutoka wapi?

Kipindi cha kubadilishana huchukua takribani wiki 2. Huko Australia kuna hata redio ya intaneti inayotangaza habari hizo mchana kutwa. Muda ni mrefu na habari za uhakika ni chache, kwa hiyo pengo hujazwa na tetesi.

Nyingi hazizuki hivi hivi. Wakala anayezungumzia mkataba mpya hunufaika ikisikika kwamba klabu nyingine inamtaka mteja wake. Klabu yenye chaguo la juu hunufaika ikisikika kwamba wanunuzi ni wengi. Na klabu inayotaka kupunguza mzigo wa mishahara inaweza kutumia tetesi kumwonyesha mchezaji mlango.

Hapo ndipo mtu huumia. Kwa kanuni za sasa, mchezaji mwenye mkataba hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Lakini ridhaa inaweza kusukumwa. Mwaka 2020 Collingwood ilibanwa na kikomo cha mishahara. Adam Treloar alikuwa na mkataba wa miaka mingi na alisema wazi kwamba angependa kubaki. Habari kwamba klabu haimhitaji tena zikaendelea siku hadi siku. Dakika za mwisho za siku ya mwisho akahamia Western Bulldogs. Karatasi ilimlinda, lakini ni vigumu kubaki kwenye nyumba ambayo wenyeji wamekwisha kukufungia virago.

Wapo pia wachezaji huru. Tangu 2012, mchezaji aliyetumikia klabu moja kwa angalau miaka 8 na mkataba wake ukaisha anaweza kuhama kwa uhuru zaidi. Lance Franklin aliondoka Hawthorn mwaka 2013 kwenda Sydney kwa njia hiyo, kwa mkataba wa miaka 9 wa takribani dola milioni 10 za Australia.

Ukisikia tetesi, uliza haya

1. Mkataba wake unaisha lini? Ukiwa na miaka mingi mbele, dili ni gumu zaidi.

2. Mwenyewe amekubali? Bila ridhaa yake hakuna dili.

3. Kwao ni wapi? Anayetajwa kurudi mji wa nyumbani ana uwezekano mkubwa kuliko anayetajwa kwenda mbali.

4. Klabu inayomtaka ina nini cha kutoa? Kama haina chaguo zuri wala mchezaji wa kubadilishana, hayo ni maneno tu.

5. Mishahara yake itatosha chini ya kikomo?

6. Nani ananufaika habari hii ikisambaa leo?

Ukipata majibu ya maswali hayo, utaweza kuzipima tetesi mwenyewe bila kungoja mchambuzi. Na unaposikia "namba 3 na namba 20" zikibadilishana mikono Oktoba, kumbuka kwamba bado hazina majina. Majina yatakuja Novemba, na siku hiyo kuna nyumba ambako begi la kijana wa miaka 18 litaanza kupangwa.