SHA Umelipa, Ganji Bado Zinatoka: Hii Ndio Sababu, Likoni Hadi Changamwe

Stori ni ile ile Likoni, Kisauni na Changamwe. Msee amelipa SHA, akiingia hosi mtambo unasema yuko sawa, halafu anatoka na karatasi ya kwenda kununua dawa nje. Anabaki kuuliza, sasa bima ni ya nini?

Jibu fupi: SHA inailipa hospitali. Haikulipi wewe nauli, dawa za dukani wala kibarua ulichokosa. Jibu refu ndio hili.

SHA ni nini hasa?

NHIF ilikuwepo tangu 1966. Sheria mpya ikatiwa sahihi Oktoba 2023, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Ndani yake kuna mifuko mitatu, na wengi wanaichanganya:

- Mfuko wa afya ya msingi: unatoka kwa ushuru. Unalipia zahanati na vituo vya afya, yaani levo 2 na 3. Hapa unahitaji kujisajili tu, hata kama hujalipa mchango.
- Mfuko wa bima (SHIF): huu ndio unaochangia. Unalipia huduma za hospitali kubwa, levo 4 hadi 6, kama kulazwa na upasuaji.
- Mfuko wa dharura na magonjwa sugu: unalipia matibabu ya dharura, na kwa magonjwa sugu unaingia pale ule wa bima umefika mwisho.

Ukuta wa kwanza: kulipa mwaka mzima mara moja

Mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Ukipata 20,000 pale EPZ Changamwe, unakatwa 550. Enzi za NHIF ungekatwa 750, kwa hivyo hapo umeokoa kitu.

Sasa angalia mtu wa boda Mtongwe ama mama wa viazi karai Mishomoroni. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini wao wanatakiwa kulipa ya mwaka kwa mpigo, 3,600. NHIF ilikuwa 500 kwa mwezi, ghali zaidi ukipiga hesabu, lakini 500 inapatikana. Mtu anayehesabu pesa kwa siku hana 3,600 zimekaa mahali zikingoja. Na hiyo ni ya chini kabisa, kwa sababu unaulizwa maswali kuhusu nyumba, maji na unachopikia, halafu mtambo unakadiria uwezo wako. Nyumba haisemi kama leo umepata wateja.

Kuna Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka unalipa kidogo kidogo. Inasaidia, lakini ni deni. Uliza utarudisha ngapi kwa jumla kabla ya kukubali.

Ukuta wa pili: bei ya SHA si bei ya hosi

Kila huduma ina kiwango chake. Kwenye viwango vya 2024, kujifungua kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000. Hospitali ya kibinafsi ikikuandikia bili ya 50,000 kwa upasuaji, SHA inatoa 30,000 na hizo 20,000 nyingine ni zako na ukoo wenu. Ndio maana harambee za WhatsApp hazijaisha.

Ukuta wa tatu: dawa hakuna

Kumuona daktari ni bure, lakini kabati la dawa likiwa tupu unatumwa duka la dawa. Hapo kadi haina kazi, ni pesa taslimu ama M-Pesa. Kwa mwenye presha ama sukari, hiyo ni kila mwezi.

Ukuta wa nne: kuvuka

Likoni kuna hospitali ya levo 4, na Changamwe kuna Port Reitz. Lakini kesi kubwa zinapelekwa Coast General, na iko kisiwani. Wa Kisauni anapita daraja la Nyali, wa Changamwe anapita Makupa, wa Likoni anangoja feri.

Chukulia mgonjwa wa figo. SHA inalipa 10,650 kila akisafishwa damu. Akienda mara mbili kwa wiki, hizo ni safari 104 kwa mwaka, kwenda na kurudi. Feri kwa miguu ni bure, sawa, lakini mtu ametoka kwa mashine hana nguvu za kupanda ule mlima wa feri. Itabidi tuktuk, na tuktuk inalipia feri. Anayemsindikiza naye amekosa kazi siku hiyo. Hakuna mfuko wa SHA unaolipia hiyo.

Sasa ufanye nini?

1. Piga *147# leo, ukiwa mzima. Angalia kama uko hai kwa mtambo, na kama mke ama mume na watoto wameingizwa.
2. Homa, kikohozi, chanjo? Anza zahanati ama kituo cha afya. Ukikimbilia hospitali kubwa moja kwa moja unaweza kujikuta unalipa.
3. Kabla ya kulazwa, uliza maswali mawili: SHA inalipa ngapi hapa, na mimi nitaongeza ngapi?
4. Ukiwa na mjamzito nyumbani, lipeni mapema. Uchungu hausubiri mtambo.
5. Mna chama? Tengeni sanduku dogo la nauli na dawa. Pengo la SHA liko hapo hasa.

Na jua haki zako. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumzuilia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili ni kukiuka haki zake. Deni litabaki deni, lakini wewe si rehani.

Mwaka 2025 serikali ilitangaza itawalipia SHA watu milioni 2.2 wasiojiweza. Kama unamjua mzee ama mathe mtaani ambaye hana kitu, muulize chifu ama mhudumu wa afya wa mtaa jinsi ya kumwingiza. Wenye shida zaidi ndio mara nyingi hawana simu ya kubonyeza *147#.